Pale Ambapo Usipofika Utaulizwa

Vyuo vinafunguliwa. Majina ya waliodahiliwa yametoka, majibu ya mikopo mengine yametoka na mengine yanasubiriwa roho mkononi, na mabegi yanafungwa. Katika nyumba nyingi, usiku wa kuamkia safari, mzazi hukaa na mwanawe akampa wosia, na wosia huo karibu kila nyumba ni uleule: mwanangu, unakwenda kusoma, usijiingize kwenye mambo ya watu. Ukitoka darasani rudi bwenini. Vyama, siasa, migomo na makundi waachie wenyewe. Leo nataka tuuzungumze wosia huo. Sitaudharau, maana una sababu zake, tena nzito, na nitazitaja. Lakini nitaubishia. Nitasema kwamba mwanafunzi anayepita chuo kikuu kwa kwenda darasani na kurudi bwenini tu, amelipiwa elimu nzima akachukua nusu. Na nitasema pia, hili tulishike mapema, kwamba yule anayejiunga na kila kitu naye hiyo nusu ya pili hajaipata.

Tuanze na swali dogo. Mwanafunzi akiwa darasani anawajibika kwa nani? Anawajibika kwa mhadhiri, tena kwa nafsi yake peke yake. Akisoma, alama ni zake. Asiposoma, sapu, yaani mtihani wa marudio, ni yake. Akilala akakosa mhadhara wa asubuhi, ukumbi wenye mamia ya watu hautaona pengo, na jioni mwenzake atampa desa. Hata zile kazi za vikundi, wenyewe mnazijua, wawili hufanya na waliobaki huandika majina na namba za usajili. Sasa mchukue mwanafunzi huyohuyo, mpe kazi ya kuwa mweka hazina wa chama kidogo cha wanafunzi kilichochangishana ili kiende kongamano mkoa mwingine. Bei ya basi imekubaliwa, mwenye basi anataka malipo ya awali, wanachama kadhaa hawajatoa, na fedha zilizopatikana ziko kwenye simu yake. Akilala, basi halitakuja. Akijikopesha kidogo mpaka bumu la mkopo litoke, watu watakaa getini na mabegi yao. Hakuna mhadhiri wa kumpa alama wala wa kumnyima. Wapo wenzake tu, atakaokutana nao kesho kwenye foleni ya chakula. Hiyo ndiyo nusu ya elimu ninayoizungumzia. Nyumbani tunawajibika kwa wakubwa, shuleni kwa walimu, kazini tutawajibika kwa bosi. Ni wapi basi kijana atajifunza kuwajibika kwa mtu aliye sawa naye, asiyeweza kumwamuru wala yeye hawezi kumwamuru, na bado kazi ikafanyika?

Tuutazame ushahidi, na tuanzie mbali kidogo, Makerere, mwaka 1943. Mwaka huo alifika pale kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, kusomea ualimu. Makerere ilikuwa chuo kidogo wakati ule na Watanganyika wake walikuwa wachache. Yeye na wenzake, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, wakaanzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, TAWA. Halikuwa jambo la kutikisa dola. Lakini miaka 10 baadaye, mwaka 1953, Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA pale Dar es Salaam, na mwaka uliofuata chama cha TANU kilipozaliwa, hakuwa mgeni wa kazi ya kuwakusanya watu wasiolazimika kukusanyika. Sisemi TAWA ndiyo iliyoizaa TANU. TANU ina wazee wake wengi, wa Dar es Salaam na wa majimboni, ambao Makerere hawakuikanyaga. Nasema kazi ilikuwa ileile: kuwashawishi watu walio sawa nawe watoe muda wao na senti zao kwa jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewaagiza.

Makerere hiyohiyo, mwishoni mwa mwaka 1962, wanafunzi walipanda jukwaa la Kampala kuigiza The Black Hermit, tamthilia ya mwanafunzi mwenzao tunayemjua leo kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kabla ya hapo alikuwa amechapisha hadithi zake fupi katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya chuo hicho lililokuwa likipokea maandishi ya wanafunzi. Jina la mwandishi tunalikumbuka. Lakini mchezo wa kuigiza hausimami kwa mwandishi peke yake. Kuna aliyetafuta mavazi, kuna aliyekaa pembeni ya jukwaa na karatasi kuwakumbusha waigizaji maneno, kuna aliyehesabu tiketi. Hao majina yao hatunayo, na mimi nadhani wao ndio walijifunza zaidi, maana mwandishi angeandika hata angekuwa kijijini. Miaka michache baadaye, mwaka 1965, Makerere ikaanzisha kundi la maigizo la kusafiri, lililopeleka michezo kwa watu bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi: kulala safarini, gari kuharibika, mwigizaji kuumwa, na watu wa mji mwingine wamekwisha kukaa wakisubiri mchezo uanze.

Halafu twende Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi ulioitwa kwa kifupi USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili ya kujisomesha nadharia ambazo kwenye ratiba hazikuwamo. Mwaka 1969 wakishirikiana na tawi la vijana wa TANU pale chuoni wakaanza kutoa jarida, Cheche, na wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Wanaozikumbuka mashine za kudurufu wanajua kazi iliyokuwamo: kupiga chapa kwenye stensili bila kukosea, kuzungusha mashine mpaka wino uingie kwenye kucha, kupanga kurasa mezani, kubana pini, kisha kwenda kuuza. Mwaka 1970 Cheche ilichapisha makala ndefu ya Issa Shivji juu ya matabaka nchini, makala iliyosomwa mbali kuliko Mlimani, na kabla mwaka huo haujakwisha jarida na umoja wenyewe vilipigwa marufuku. Cheche haikufika hata miaka miwili. Lakini tazama waliopita pale. Hirji alikuwa mtu wa hisabati, akaja kuwa profesa wa takwimu za tiba. Shivji profesa wa sheria. Meghji waziri wa fedha. Museveni mnajua alikofika, na maoni juu ya alikofika kila mtu ana yake. Njia zao zilitengana, na wengine wao wakaja kupingana kabisa. Walichokuwa nacho pamoja ni kwamba wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu walikwisha kukabidhiwa kazi ambayo mtu mmoja akiiacha, toleo halitoki.

Hapo msikilizaji mmoja ananyoosha kidole. Anasema: ndugu mtangazaji, umetuchagulia watu wakubwa. Hao walikuwa na vipaji, wangefika tu, hata wangejifungia maktaba. Wale wengine waliojiunga na vyama wakaishia kusikojulikana, mbona huwataji? Pingamizi hili ni zuri, na nusu yake nalikubali. Mtu jasiri ndiye hujiunga, na ujasiri huohuo ndio humfikisha. Hapo tungekuwa tunakisifu chama bure. Ndiyo maana hatuwezi kuishia kwenye majina. Inabidi tuwatazame wanafunzi wa kawaida, wengi kwa pamoja. Marekani kulikuwa na mtaalamu, Alexander Astin, aliyefuatilia wanafunzi wa vyuo vingi ili ajue nani anamaliza na nani anaacha njiani. Alichapisha matokeo yake mwaka 1975, na mwaka 1984 akayajengea nadharia ambayo hadi leo ndiyo inayotajwa watu wanapozungumzia ushiriki wa wanafunzi. Na Astin hakuwalinganisha tu walioshiriki na wasioshiriki. Kwanza alizitazama hali walizokuja nazo, alama za sekondari, hali ya nyumbani, na mengine ya namna hiyo, akaziweka kwenye hesabu. Hata baada ya kufanya hivyo, wale walioishi chuoni, waliojiunga na shughuli za wenzao, au waliokuwa na kazi ndogo ya malipo ndani ya chuo, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza. Na waliokuwa na ajira ya kutwa nje ya chuo ilikuwa kinyume chake. Nirudie, kwa sababu ndiyo nguzo ya hoja: hakusema wenye akili hushiriki. Alisema kati ya wanaofanana, anayejifunga na maisha ya chuo hubaki.

Vizuri, atasema mwingine, lakini muda? Mwanangu akikaa vikaoni atasoma saa ngapi? GPA itajipandisha yenyewe? Hili nalo limechunguzwa. Richard Light wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wanafunzi wa pale kwa miaka mingi na mwaka 2001 akatoa kitabu. Aligundua kwamba mwanafunzi anayeshika jambo moja au mawili nje ya masomo, hata likimchukua saa 20 kwa wiki, alama zake hazitofautiani sana na za wengine. Kinachotofautiana ni kuridhika kwake na maisha ya chuo, na hapo anayeshiriki yuko mbele sana. Sasa najua mnachotaka kusema, na nitakisema mimi kabla yenu: Harvard si Mlimani, wala si Dodoma. Mwanafunzi wa Harvard hapangi foleni ya maji, hapiki kwa jiko la umeme la kuficha chini ya kitanda, wala haamki kumi na moja alfajiri kugombania daladala. Kwa hiyo saa 20 hizo tusizichukue. Tuchukue lile lililo dogo na imara zaidi: jambo moja, au mawili, si sita. Na tukubali kuna wakati wa kusimama. Mwenye sapu tatu mkononi aende kwa mwenyekiti wake aseme, naomba nipumzike mpaka mitihani iishe. Kusema hivyo nako ni kuwajibika. Kinachowafanya viongozi wa wanafunzi kudisko, yaani kuondolewa masomoni, mara nyingi ni kushindwa kuiacha kazi iliyowazidi, kwa kuogopa kuonekana wadogo. Vyuo vingi vimeweka sharti la alama kwa anayegombea uongozi, na sharti hilo mimi naliona la haki.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote, na ambalo wanaosifu maisha ya chuo hulipita haraka. Maisha hayo ya chuo ni ya nani? Mabweni hayatoshi. Wanafunzi wengi wanapanga mitaani, Changanyikeni, Makongo, Sinza, Ubungo, wengine wanatoka kwa wajomba zao Mbagala au Kibaha. Kikao kikiitishwa saa mbili usiku, nani atakuja? Atakuja anayelala ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi wa kike anayepanga mbali hatakuja, na akija hatakaa mpaka mwisho, na yanayoamuliwa mwisho ndiyo makubwa. Kisha viongozi wanalalamika kwamba wasichana hawashiriki! Jamani, mmewaita usiku. Hapa lawama siwapi wasiokuja, nawapa wanaopanga saa. Kati ya kipindi na kipindi kuna saa za katikati ya mchana ambazo watu wamekaa kwenye vimbweta wakisubiri. Chama kinachokutana saa saba mchana kwenye kimbweta kitapata watu ambao chama cha saa mbili usiku hakitawaona miaka yote mitatu. Kumbukeni Astin alisema kuishi chuoni kunasaidia. Maana yake, kwa asiyeishi chuoni, chama ndicho kinachoweza kumfidia sehemu ya kile alichokikosa kwa kukosa kitanda. Kumfungia nje huyo ni kumnyima mara mbili.

Na kwa upande wa usalama wa wasichana tusizungukezunguke. Pale Mlimani kwa miaka mingi kulikuwa na kitu kikiitwa Punch, kundi lisilojulikana la wanafunzi waliobandika kutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wenzao. Wapo walioiita mzaha na wengine waliiita utamaduni wa chuo, na waliolengwa sana walikuwa wanawake. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya usumbufu wa kundi hilo, na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kizaliwe, kikalipigia kelele jambo hilo mpaka nchi nzima ikasikia. Kwa hiyo mzazi anayemwogopea binti yake hajaota. Lakini tuitazame Punch kwa kipimo chetu kilekile. Iliwajibika kwa nani? Hakuna. Haikuwa na majina, haikuwa na kikao, haikuwa na mtu wa kuulizwa. Ilikuwa shughuli ya wanafunzi iliyoondolewa kile kitu kimoja kinachoipa shughuli ya wanafunzi thamani. Leo kuta zimehamia kwenye simu, kwenye kurasa za umbeya wa chuo zisizo na mwenyewe. Ukitaka kujua kundi la kukaa nalo mbali, uliza: nani anajibu hapa? Ukikosa jina, ondoka.

Tumebakiza hofu ya siasa, ile iliyoko ndani kabisa ya wosia wa mzazi. Nayo ina historia. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Palepale akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini, wake ukiwamo, kwa sababu vijana walikuwa wameitaja. Mwaka 1978 wakaandamana tena juu ya marupurupu ya viongozi, wakafukuzwa, na chama chao kikavunjwa. Kenya yalikuwa machungu zaidi: Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Mzazi akiyajua hayo akamwambia mwanawe kaa mbali, nani atamlaumu? Ila kuna jambo moja wosia hauoni. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungwa kwa miezi mingi, kiliwafungia wote, waliopiga kelele na waliokuwa wamelala. Kubaki bwenini hakumkingi mtu na mgomo. Kunamfanya asijue umeitishwaje, dai lenyewe ni lipi, na kama kulikuwa na njia nyingine. Aliyekuwa kikaoni angalau aliweza kunyoosha mkono akasema, tusubiri jibu la Jumatatu kwanza. Umati wenye watu kumi wa namna hiyo ni tofauti kabisa na umati usiokuwa na hata mmoja.

Na hatari ya siasa ya siku hizi si ileile ya 1966. Ni fedha. Wanasiasa wa nje wamegundua kwamba uchaguzi wa wanafunzi ni shamba la kuoteshea wafuasi, na kampeni nyingine zina mabango na magari utadhani ni ubunge. Kenya walijaribu dawa: sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa mwaka 2016, makomredi, yaani wanafunzi wa huko, wakaacha kumpigia kura kiongozi wao mkuu moja kwa moja, wakawa wanachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaochagua. Kelele za kampeni huenda zikapungua. Lakini mimi sioni kuwa ni tiba. Wajumbe wachache ni rahisi kuwafikia na bahasha kuliko maelfu, na kiongozi aliyechaguliwa na wachache hujibu kwa wachache. Tumerudi palepale, msikilizaji: nani anajibu, na anamjibu nani?

Basi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achague nini? Siku za utambulisho atakuta meza zimepangwa na vijana wanaita kama wapiga debe. Atakuta serikali ya wanafunzi, DARUSO au jina lingine kutegemea chuo. Atakuta vyama vya fani, wa sheria, wa uhandisi, wa tiba. Atakuta CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ambamo wanafunzi hukutana kutoka nchi mbalimbali na kuwasilisha makala zao wao kwa wao, na mtu wa Dar akagundua kwamba wa Bujumbura anakijua Kiswahili kwa namna nyingine. Atakuta vya dini, TYCS, MSAUD na vinginevyo, na tuseme kweli, hivi ndivyo vinavyowapata wengi, kwa sababu vinamtafuta mgeni kabla hajapotea, vinamtembelea akiumwa, na vina kwaya au darsa kila wiki bila kukosa. Vyama vingine vijifunze hapo. Ushauri wangu haufuati jina la chama. Unafuata swali moja: wiki mbili nisipofika, kuna mtu atauliza yuko wapi? Kama hakuna, umejiunga na grupu la WhatsApp. Ndiyo maana chama cha watu ishirini mara nyingi kinafundisha kuliko chama cha watu elfu, na ukatibu unafundisha kuliko urais. Rais anahutubia. Katibu anaandika kilichoamuliwa, tena vizuri kiasi kwamba waliogombana kikaoni wote wawili wakikisoma wakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Jaribu kuifanya kazi hiyo mwaka mmoja uone.

Lakini, na hapa nawasema wale niliowagusa mwanzoni, usiende kukusanya vyeti. Kuna mwanafunzi ana vyeti vya ushiriki tisa, kofia na fulana za makongamano kabati zima, na hakuna hata shughuli moja aliyowahi kufika mapema kupanga viti. Mchagua jembe si mkulima. Waajiri nao si wajinga. Anayekusaili atakuuliza swali jepesi tu, ulikuwa na kazi gani humo, na jambo gani liliharibika mikononi mwako ukalirekebishaje. Vyeti vyote tisa havina jibu la swali hilo. Aliyewahi kutafuta basi la pili usiku wa kuamkia safari analo.

Nimalizie kwa mwaka wa tatu, kwa sababu wao ndio wanaosahaulika katika mazungumzo haya. Vyama vingi vya wanafunzi havifi kwa marufuku kama USARF. Vinakufa mwezi wa saba, siku ya mtihani wa mwisho. Mwenyekiti anaondoka na nywila ya barua pepe, mweka hazina anaondoka na daftari, katibu anaondoka na mhuri kwenye mfuko wa suruali, na Novemba wanakuja wapya kuanza kama vile hakujawahi kuwa na kitu. Wanachapisha katiba upya, wanamtafuta mlezi upya, wanagombana upya ugomvi uliokwisha kuamuliwa. Kwa hiyo kama uko mwaka wa mwisho na unanisikiliza, usingoje uchaguzi wa mwezi wa tano. Muhula huu wa kwanza mtafute mmoja wa mwaka wa kwanza, mpe daftari la fedha aandike yeye, wewe ukague. Atakosea. Mwache aandike, mkae mrekebishe pamoja, kabla hujaondoka na kabla namba yako ya simu haijabadilika.